Siku Tano Kumtafuta Buibui wa Maweni

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye barazani ana swali lilelile: "Profesa, Kikwajuni mpaka Bwejuu ni mwendo wa saa moja na nusu. Wewe siku tano ulipita wapi?" Nimechoka kujibu vipande vipande. Kila mmoja nimempa chake, kisha mmekutana nyuma yangu mkaviunga mnavyotaka. Nasikia yuko anayesema nilipotea msituni, na yuko anayesema nilikwenda kuposa nikakataliwa. Haya, nimekaa kitako, naandika yote kwa mara moja. Atakayecheka acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Kwanza niwakumbushe ni nani anayesimulia. Mimi Makame niliondoka kisiwa hiki na begi moja la mkononi, na zipu yake ilikuwa mbovu. Sikubebwa na mjomba wala kupokewa na shangazi. Nilianza kazi na ufagio, katika nyumba ya wadudu ya bustani moja ya wanyama, katika mji ambao miezi sita ya mwaka pumzi inakutoka mdomoni kama moshi wa jikoni. Nilijifunza lugha yao, kisha nikajifunza kazi yao, mpaka nikapata stashahada ya utunzaji wa viumbe, ile mliyoiona ukutani kwangu, yenye muhuri mwekundu. Miaka kumi na mbili nilikuwa mlezi wa buibui wakubwa wa ardhini. Wazungu walikuwa wakiniuliza mimi.

Kati ya buibui hao alikuwamo jike mmoja aliyesemekana asili yake ni Zanzibar. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mtu wa kwao ugenini. Ukikunjua kiganja, miguu yake yafika ncha za vidole. Mwili mzima una malaika laini kama mahameli. Mgongoni, juu ya kifua, pana mistari inayotawanyika kutoka katikati, kama watoto wa skuli wanavyochora miale ya jua, na juu ya tumbo mna michirizi kama mifupa ya samaki. Macho anayo manane, yote yamebanana juu ya kinundu kimoja, na hayamfai kitu. Dunia anaijua kwa miguu, kwa mtikisiko. Ukimkera hukimbia. Ukimzuia asikimbie, husimama na kuinua miguu ya mbele juu kama mtu anayesimamisha gari, akakuonyesha meno. Na rangi yake ni ya chungwa, tena lililoiva.

Kibao cha pale kwenye kioo chake nilikiandika mimi mwenyewe: "Makazi yake ya asili ni ardhi kavu, mashimo na mizizi ya miti." Maneno hayo niliyatoa kitabuni.

Kikwajuni: ujumbe wa dada

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakunywa chai kwa boflo, simu ikalia. Ujumbe wa dada yangu Mwanaidi, mnayemjua, mjane, mwenye shamba la tungule, nyanya za watu wa bara, kule maweni ya Bwejuu. Ndilo shamba nililomwekea tangi la maji baada tu ya kurudi, tangi refu lililokaa juu ya msingi wa mawe, na jina langu limeandikwa kwenye saruji. Picha zake mmeziona, wengine zaidi ya mara moja.

Ujumbe ulisema: "Tungule zishaiva. Wachumaji wamekataa kuingia shambani. Ati kuna buibui, na Riziki, mmoja wao, kaumwa kidole. Si ndiyo kazi yako? Njoo upesi."

Tungule, kwa msiolima, hazingoji mtu. Zikishaiva shambani zinakupa siku nne au tano. Zikipita hapo ni za kuku. Na lile ndilo zao ambalo dada yangu anategemea mwaka mzima.

Nilimjibu, "Nakuja. Usiwe na wasiwasi, umempata mwenyewe." Nikakusanya vifaa vyangu: kofia pana, suruali yenye mifuko minane, tochi, kibano kirefu. Suleiman jirani akaniazima vespa yake ya buluu.

Sasa nawaambia jambo ambalo sikulisema hata kwa Suleiman. Miaka kumi na mbili yote sijawahi kumwona buibui yule nje ya kioo. Wala utotoni. Sisi tulikuwa watoto wa mjini, buibui wetu walikuwa wa darini. Nikiwa nawasha vespa, nikajiona nimesimama mbele ya wanawake wa Bwejuu, wananiambia, "Haya, tuonyeshe anapokaa," na mimi sijui niiname wapi. Nikaona aibu hiyo ni kubwa mno. Nikaamua nimtafute kwanza mahali pengine, nimwone shimoni kwake japo mara moja, kisha ndiyo niende kwa dada nikiwa nimejaa ujuzi.

Nilidhani itachukua asubuhi moja.

Mji Mkongwe: mashahidi

Nilianzia Mji Mkongwe kwa sababu pale ukiuliza kitu hukosi jibu. Kosa langu ni kusahau kwamba hukosi majibu matano. Niliketi penye kahawa, nikatoa simu, nikawaonyesha wazee wawili picha ya yule jike wangu.

"Huyu yuko," akasema wa kwanza. "Anakaa juu ya mikarafuu. Babu yangu aliangukiwa na mmoja, akaacha kuchuma mpaka anakufa."

"Muongo wee," akasema mwenziwe. "Yule alikuwa kinyonga."

"Kinyonga ana miguu minane?"

"Babu yako alipata wapi nafasi ya kuhesabu? Si alikuwa anaanguka?"

Muuza kahawa akainama juu ya simu yangu, akaitazama kwa muda mrefu. "Yakhe, huyu si wa hapa. Na tena huyu katiwa rangi."

"Hakutiwa rangi. Nimemlea mimi."

"Basi umemlea ukamtia rangi."

Nikaeleza kwamba ni buibui wa ardhini, hapandi mikarafuu. Nikaeleza na stashahada. Yule wa kwanza akaniuliza kama stashahada hiyo inatibu magoti. Nilikunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu na nikaondoka nikijua kidogo kuliko nilipokuja.

Pale kona ndipo aliponipata papasi mmoja, kijana wa miwani ya jua, kazi yake kuwasindikiza watalii. Alinitazama kofia, akanitazama mifuko, akaniamkia, "Jambo!"

Mimi! Mzaliwa wa Kikwajuni, naambiwa "Jambo"! Nilimjibu kwa Kiunguja kilichonyooka mpaka akaomba radhi. Lakini alipoiona ile picha alisema kwa uhakika kamili, "Huyu namjua anapokaa. Kubwa hivi. Twende, nnakupeleka sasa hivi." Uhakika ule ndio ulioniponza. Sikuwa nimeuona kwa mtu yeyote tangu asubuhi.

Shamba la viungo: buibui wa hewani

Alinipeleka shamba la viungo. Kabla sijajua niko wapi, nimo kwenye msafara wa watalii, ninanusishwa mdalasini. Nilijaribu kusema mimi si mtalii, ninatafuta buibui, mwenye kuongoza msafara akasema, "Tutafika huko, bwana, kwanza hiliki." Hiliki! Nimekulia ndani ya chai ya hiliki!

Tulipofika huko, papasi wangu akanyoosha kidole juu, katikati ya mifenesi miwili. Kweli alikuwapo buibui mkubwa, miguu mirefu myembamba yenye manjano, amekaa katikati ya wavu uliong'aa juani. Mzuri, sikatai.

"Huyu anasuka hewani," nikamwambia. "Mimi namtaka wa chini, mnene, mwenye malaika, anayechimba."

"Umesema buibui mkubwa."

"Nimekuonyesha picha!"

"Picha ile katiwa rangi, nikajua ni mfano tu."

Kisha mvua ikashuka, ile ya kukata maongezi. Tukajazana bandani, tukaletewa wali wa viungo na mchuzi wa muhogo, mtamu sana, na bwana mmoja akanisukia taji la makuti akanivisha juu ya kofia yangu. Nilikula nikiwa nimevaa vyote viwili. Mvua haikupungua mpaka jua linazama. Jumamosi ikawa imekwisha, na tungule za dada yangu zimeongeza siku moja.

Matemwe: mashimo ya Pandu

Jumapili niliamkia Matemwe, kwa Pandu. Mnamkumbuka Pandu, tuliyesoma naye, aliyekuwa akilala darasani. Sasa ndiye mchimbaji wa mashimo ya vyoo anayeaminiwa pwani yote ile. Nikajiambia, mtu aliyeishi ndani ya mashimo ya maweni miaka ishirini hawezi kukosa kumjua mwenye kuishi ndani ya mashimo.

Pandu alifurahi mno, na furaha ya Matemwe ina gharama yake: haikuachii uondoke. Mkewe alikuwa na pweza juu ya moto, na pweza wa nazi haliwi kwa haraka. Baada ya pweza kukawa na muhogo, baada ya muhogo jamaa wakaja kuniangalia, na kila jamaa akataka nisimulie upya habari za baridi. Nikasimulia. Sikusema uongo, ila theluji niliiongeza kina kidogo.

Jumatatu asubuhi ndipo Pandu alipochukua mtaimbo wake, ule wa kuvunjia mawe, tukatoka. Shimo la kwanza alilonionyesha lilikuwa la kaa. La pili la panya. La tatu, alisema, liko nyumbani kwake mwenyewe, nyuma ya jiko, chini ya jiwe kubwa lililobaki palepale tangu nyumba haijajengwa. Nikamuuliza kwa nini hakuanza na hilo. Akasema, "Ulivyonenepa kwa kukaa? Nilitaka utembee."

Nikachutama. Palikuwa na tundu la upana wa kikombe cha kahawa kati ya jiwe na ardhi, na kuta zake zimetandikwa utando mweupe mzito, kama soksi iliyosukumwa ndani. Mdomoni pameshikizwa majani makavu na chembe za udongo. Nilichukua unyasi, nikausogeza taratibu kwenye utando, kama panzi anavyopita. Ikatoka miguu miwili, ikagusa, ikarudi.

Ilikuwa ya hudhurungi. Rangi ya vumbi na majani yaliyokauka.

Nikasimama, nikajipangusa magoti. "Huyu siye."

Pandu akanitazama. "Makame, shimo hilo hapo. Utando huo hapo. Malaika umeyaona. Sasa unataka nini, kitambulisho?"

"Rangi. Wangu ni wa chungwa."

"Rangi! Na wewe ulivyoondoka hapa na ulivyorudi, rangi ni ileile?"

Mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilimweleza Pandu kwa upole kwamba katika elimu hii kuna jamaa nyingi za buibui zinazofanana, na kwamba mtu asiyesomea hukosea kwa urahisi. Nikamwambia huyo wake huenda ni ndugu wa mbali. Pandu akasema, "Labda wa kwenu alikaa sana chini ya taa," akaenda kazini kwake.

Simu ya dada ilinikuta palepale nyuma ya jiko.

"Uko wapi?"

"Niko njiani, dada."

"Njia gani hiyo ya siku tatu? Makame, zinaanza kupasuka. Nikipita nasikia harufu yake."

"Nafanya uchunguzi wa awali."

Kisha akasema, "Haya mwanangu, fanya," kwa sauti ile anayoitumia mtu akiwa hana mwingine wa kumwita.

Njia ya kusini: mawe ya watu

Niliondoka Matemwe mchana huohuo. Ningerudi mjini ningeshika barabara kubwa ya kusini, lakini nikaogopa mtaniona na vespa mniulize. Nikashuka na pwani mpaka Chwaka, nikiamini pwani ni pwani, ukiifuata itakufikisha.

Pale Chwaka nilisimama ukingoni mwa maji nikaiona nchi ng'ambo ya pili, wazi kabisa, minazi yake yahesabika. Nikamuuliza bwana mmoja, Bwejuu iko wapi? Akanionyesha ng'ambo. Nikamuuliza, njia? Akanionyesha nilikotoka. Wa pili akanielekeza njia ya katikati ya vichaka, "ipo lakini haipo sana." Nikaishika hiyo. Vespa ya Suleiman ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, katikati ya maweni matupu: mawe yenye meno, vichaka vya miiba, na udongo mwekundu uliojificha ndani ya nyufa. Nikasema moyoni, hapa hakiishi kitu.

Nilikaa pale muda mrefu mpaka ikaja gari ya ng'ombe imebeba mawe, na mwenye gari, Bwana Vuai, akaniambia tuipakie vespa juu. Tukaipakia. Nami nikapanda juu ya mawe.

Kila baada ya mwendo alisimama kuongeza mawe kutoka kwenye rundo la kando ya njia. Na kila jiwe, kabla hajaliinua, alilipiga kofi mara tatu kwa kiganja, akangoja, ndipo akalibeba.

"Kwa nini unayapiga?" nikamuuliza.

"Nabisha hodi."

"Kwa nani?"

Akanitazama kama niliyeuliza maji ni nini. "Kwa aliyemo."

Nilimsimulia kazi yangu. Alisikiliza vizuri. Nikamuuliza mawe haya yote yanatoka wapi, akasema ni ya kuta za zamani za mashamba, zile za kuzuia nguruwe mwitu. "Siku hizi wanazivunja, wanajengea." Alisema bila lawama, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Na mimi niliyekaa juu ya mawe hayo, mwenye stashahada, nilikuwa nawaza plagi ya vespa.

Usiku ule na mchana wake nilikuwa mgeni nyumbani kwa Bwana Vuai. Plagi ilipatikana Jumanne usiku, imekopwa kwenye vespa ya imamu.

Bwejuu: mkutano

Nikafika shambani Jumatano asubuhi. Harufu ilinilaki kabla ya dada: tamu, chachu, kama matunda yaliyosahauliwa kapuni. Safu za upande wa bahari tungule zilikuwa chini, zimefunguka, zimejaa nzi. Upande wa tangi nyingi bado zilikuwa zimeshika shina, nyekundu tupu.

Mwanaidi alinitazama toka juu mpaka chini. "Umekuja na kofia," akasema. Basi.

Wachumaji walikuwa wameketi nje ya shamba, wanawake tisa, wanasuka ukili wa mikeka. Hawakuwa na dalili ya hofu. Aliyekaa mbele ni Bi Mwaka, mkubwa wao, mama mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili ya kijiji. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia, "Tunakusikiliza, mtaalamu."

Nikawasomesha. Wallahi nilisomesha vizuri. Niliwaambia habari za macho manane yasiyoona, za jike anayeweza kukaa shimo moja miaka zaidi ya kumi asihame, za dume anayetoka baada ya mvua kwenda kutafuta mke. Niliwaambia anakula mende, panzi na nyenje, kwa hiyo ni rafiki wa mkulima. Niliwaambia akiuma kuna maumivu makali, na misuli hukakamaa siku mbili tatu, lakini haui.

"Haui, najua," akasema Riziki, akaninyooshea kidole chake. "Nipo hapa."

Nikaonyesha picha. Ilipita mikono tisa. Ikarudi kwa Bi Mwaka, naye akasema, "Huyu katiwa rangi." Wakacheka wote, na mimi nikahisi masikio yanapata moto.

"Wetu ni wa rangi ya vumbi," akaendelea. "Tunamjua tangu hatujaolewa. Hatumwogopi, mwanangu, nani kakwambia twamwogopa?"

"Kama hammwogopi, mbona hamchumi?"

"Ah. Sasa umeuliza." Akaweka ukili wake chini. "Pale," akanyoosha mkono, "palikuwa na ukuta wa mawe, wa babu zetu. Yeye alikuwa ndani yake, sisi tulikuwa nje. Tukitaka kuligusa jiwe tunabisha, anarudi ndani. Miaka yote tumechuma kando yake, hakuna aliyeumwa. Umevunjwa. Mimi ndiye mvyale hapa, mwenye kuulizwa kabla pori halijaguswa wala jiwe la zamani halijatolewa, na sikuulizwa. Sasa yeye hana kwake. Kaingia chini ya makreti, kaingia chini ya majani ya tungule, kila mahali tunapotia mkono. Riziki kaumwa akiokota tungule. Atabisha hodi kwa tungule?"

Akamwelekezea kidole Mwanaidi.

"Nimemuuliza dada yako mara tatu: nani kasema ukuta uvunjwe? Ananiambia, mimi. Na mimi namjua Mwanaidi toka alipoolewa hapa. Asingevunja ukuta huu kwa akili yake. Kwa hiyo tumekaa hapa tunangoja aseme kweli. Siku atakayoisema, tutachuma."

Dada yangu alikuwa anatazama miguu yake.

Hapo ndipo mambo yote yaliponijia kwa pamoja: gari ya Bwana Vuai, kofi tatu juu ya jiwe, na sauti yangu mwenyewe kwenye simu, nimekaa Kikwajuni na miguu juu ya meza: "Dada, vunjeni ule ukuta wa zamani, una faida gani? Mawe yatoe msingi wa tangi." Aliniambia kwamba kuna wa kuulizwa kwanza. Nilimwambia mambo hayo yamepitwa na wakati, mimi nimesomea.

Ningeweza kunyamaza. Dada alibeba lawama hiyo miezi mitatu ili mimi nisitajwe kwa ubaya katika kijiji ambacho jina langu limeandikwa kwenye saruji.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alikataa. Nilimlazimisha mimi."

Bi Mwaka akamgeukia Mwanaidi. "Ulikuwa unamficha huyu? Na kofia yote hii?" Wanawake wakaangua kicheko, na dada yangu akacheka nao huku anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Ukuta

Bi Mwaka alitaka ubani, akafanya lililo lake kimya kando ya alama ya ukuta. Maneno yake si yangu kuyaandika. Kisha akatoa hukumu: wao watachuma, mimi nitajenga. Kila ndoo ya tungule inayotoka, ukuta uwe umeongezeka pima moja mbele yao, ili aliyemo chini ya majani apate pa kwenda. Nikichelewa, nao wanasimama.

Mawe yaliyobaki hayakutosha. Yaliyotosha yalikuwa chini ya tangi. Tukalimwaga tangi, tukalishusha chini, nikauvunja msingi kwa mtaimbo. Kipande chenye jina langu nilikiweka ndani kabisa ya ukuta, uso wake chini. Ukuta ule haujengwi kwa udongo wala saruji. Jiwe linakaa juu ya jiwe kwa kulisikiliza, na mianya unaiacha. Mimi niliiziba mianya. Riziki akaja akaizibua. "Utamfungia nje?" akauliza.

Na kila jiwe nilibisha. Jiwe la saba nililolipiga, chini yake kitu kilijivuta, kikasimama, kikainua miguu ya mbele juu. Hudhurungi, mgongo wenye miale, michirizi ya mifupa ya samaki. Nilimjua kwa kila kitu isipokuwa rangi. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikangoja kama mgeni mlangoni, naye akajikunja, akatambaa mpaka kwenye ukuta mpya, akaingia.

Siku ya tatu ya kujenga, asubuhi, mwanya mmoja ulikuwa na utando mweupe mdomoni. Nilimpigia simu Pandu nikamwambia, ni yeye. "Kakupa kitambulisho?" akaniuliza.

Kwa nini yule wa kule alikuwa wa chungwa, mpaka leo sijui. Labda wazazi wake walitoka kwengine. Labda kibao kilikosea, na kibao nilikiandika mimi. Nimewaandikia wenzangu wa zamani waongeze kwamba anaishi pia ndani ya ukuta wa mawe makavu, kando ya watu, kwa ruhusa. Wamenijibu kwa adabu, wanataka kujua habari hii nimeitoa kitabu gani. Bado natafuta namna ya kumweleza Bi Mwaka kwamba wanataka kitabu.

Tungule za upande wa tangi zilipona, karibu zote. Za upande wa bahari zilizikwa palepale zilipoangukia, na Mwanaidi mwaka huu ataishi kwa nusu. Hajanilaumu. Kanipa kikapu niwaletee, hicho kilicho barazani, mnachokitia mkono huku mkisoma. Mliuliza siku tano nilipita wapi. Siku tano hizo zimezikwa pale, kwenye zile safu za upande wa bahari.